Namsikilizia Baba

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, hapa Uyole, Mbeya, niliwasha hita ya gari langu kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Ni gari dogo la mtumba, na aliyekuwa nalo kabla yangu nadhani aliishi pwani, maana hita ilikuwa haijaguswa miaka. Feni ilikohoa, ikatoa pumzi, na gari zima likajaa harufu ya vumbi linaloungua. Wanangu waliokuwa kiti cha nyuma wakaziba pua. Nilizima injini nikawaambia wasubiri, nimesahau kitu ndani. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakakauka, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya baba, na baba tulimzika mwaka juzi.

Baba alikuwa dereva wa shirika moja dogo lililochimba visima. Kwetu ni Kihesa, pale Iringa, lakini stoo ya mabomba ya shirika ilikuwa huku Uyole, na visima vyenyewe vilichimbwa kule chini Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na nyanya na joto. Kazi yake ilikuwa kupakia mabomba Uyole, kupita nyumbani Iringa, kuteremka mlima Kitonga, kushusha mzigo, kisha kurudi kuanza upya.

Nilipokuwa darasa la tatu, likizo ilipoanza, bibi mzaa mama alianguka akavunjika nyonga huku Uyole. Mama akaenda kumuuguza, akawa analala hospitalini kwenye mkeka chini ya kitanda. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na hapakuwa na wa kunishika. Baba akanipeleka ofisini kwa bosi wake, mhandisi mmoja mnene mpole tuliyemwita mzee Sanga, akaeleza shida yake huku ameshika kofia. Mzee Sanga aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndala.

“Apande,” alisema. “Ila asiguse kitu.”

Kumbe baba alikuwa na mpango wake mwingine kuhusu kugusa.

Gari lilikuwa Land Cruiser hardtop nyeupe, ya kukaa watu watatu mbele. Nilikaa katikati, goti langu moja likigongana na gia, na usawa wa pua yangu palikuwa na ile sehemu ya dashibodi ambayo wenzangu wa rika langu mtaikumbuka: vijiti vitatu vya kusukuma kushoto na kulia, swichi ya feni yenye namba, na juu yake redio ya kaseti. Kijiti cha juu kilikuwa na mstari wa bluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili. Cha kati kilikuwa na picha za mtu mdogo aliyekaa, mishale ikimpiga usoni, au miguuni, au ikikiendea kioo cha mbele. Cha chini kilifungua hewa ya nje au kuifunga. Niliamini yule mtu mdogo ni baba. Nilidhani kila gari huchorwa dereva wake.

Siku ya kwanza tuliondoka Kihesa kwenda Uyole asubuhi mapema. Tulipoingia kwenye mipaini ya Mafinga, ukungu ulikuwa umelala barabarani, na pumzi zetu zikakishika kioo kwa ndani mpaka tukawa hatuoni kitu. Baba hakukifuta kwa kitambaa.

“Atu, kazi hiyo ni yako,” alisema, kwa ile sauti yake kubwa aliyoitumia hata ndani ya nyumba. “Mshale upeleke kwenye kioo. Haya. Sasa sukuma kwenye nyekundu. Feni weka tatu. Hewa ya nje ifungue, ukiifunga tunapumuliana wenyewe humu.”

Harufu ya vumbi lililoungua ikatoka kwanza, kisha joto. Kioo kikaanza kusafika kutoka chini kwenda juu. Nikaona barabara, nikaona miti, nikaona mama mmoja amejitwisha kuni. Nilijiona ni mimi niliyewaleta wote pale.

“Umeona?” baba alisema. “Mimi nashika usukani, wewe unashika hali ya hewa.”

Basi nikawa mwenye hali ya hewa. Tukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi, nafunga hewa ya nje. Likishapitwa, nafungua. Miguu ikiganda, mshale unakwenda miguuni. Baba alinionyesha kila kitu mara moja tu, na nilikariri kuliko nilivyowahi kukariri jedwali lolote la shuleni.

Kitu kimoja tu hakikuwa changu, nacho ni redio. Redio baba aliifungulia mwenyewe, kaseti ya kwaya, mpaka spika za mlangoni zikatetemeka. Na ilipokuwa inaimba hakuongea na mimi. Niliuliza mama atarudi lini, hakujibu. Nilimuuliza kama bibi atatembea tena, hakujibu. Nyumbani nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto akiongea na mkubwa anainamisha kichwa, kwa hiyo nilikuwa naongea nikiwa nimeinama, nayaambia magoti yangu, kwa adabu zote. Magoti yalisikia. Baba alitazama barabara.

Mwanzoni nilidhani anafikiria. Baadaye nilidhani amechoka. Mwishoni mwa juma la kwanza nilikuwa nimeamua kwamba baba hanipendi, na kwamba ile kaseti aliifungulia kwa makusudi, ili asinisikie.

Uthibitisho niliupata Kitonga. Tulikuwa tunapanda kutoka Ruaha Mbuyuni, mchana kweupe, jua linachoma hata ndani ya nywele. Gari lilikuwa limebeba mitambo mizito ya kupeleka kutengenezwa. Vioo vyote vilikuwa wazi na upepo ulioingia ulikuwa kama wa jikoni. Nikamwambia, kwa kuinama, “Baba, nasikia joto, naomba kushuka.” Hakujibu. Nikasema tena. Ndipo aliponyoosha mkono, akakisukuma kijiti cha juu mpaka mwisho wa nyekundu, na feni akaiweka nne.

Hewa ya moto ikanipiga usoni. Nikafikiri ananiadhibu. Nililia kimyakimya kuanzia kona ya pili mpaka tulipomaliza mlima, na jasho likasaidia kuficha machozi. Baba naye alikuwa analowa, shati limemganda mgongoni, lakini macho yake yalikuwa kwenye kisahani kidogo chenye mshale nyuma ya usukani, na kila baada ya muda alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipofika kileleni alirudisha kijiti kwenye bluu, akanipa chupa ya maji, akacheka. Sikucheka.

Tulipokwenda tena Uyole nilimsimulia mama yote. Alikuwa amekaa nje ya wodi anamenya viazi kwenye beseni, kwa sababu wauguzaji walijipikia wenyewe kwenye kibanda cha nyuma.

“Baba hanipendi,” nilimwambia. “Alinipika kwenye gari.”

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. “Weye mtoto! Injini ilikuwa inachemka. Ukifungulia hita, joto linatoka kwenye injini linakuja kwenu, gari linapona. Angeliacha lichemke, mngelala pale Kitonga na nyani.”

“Na mbona nikimwuliza kitu hanijibu?”

Mama aliacha kucheka. Alimenya kiazi kizima kabla ya kusema.

“Unamwuliza ukiwa umeangalia wapi?”

“Chini.”

“Baba yako ukiongea naye, muangalie usoni. Mdomo wako auone.”

“Si utovu wa adabu?”

“Kwa baba yako ndiyo adabu yenyewe,” alisema, akainuka kupeleka viazi motoni. Nikaelewa kwamba kwa kabila la baba mambo ni tofauti, kwa sababu mama ni Mnyakyusa na baba alikuwa Mhehe, na mambo mengi nyumbani kwetu yalielezwa kwa njia hiyo.

Nilijaribu jioni ileile. Baba alikuwa amefungua boneti anaongeza maji. Nikasimama mbele yake, nikauinua uso wangu kabisa, nikamuuliza kama bibi atatembea tena. Alinitazama midomo.

“Atatembea na fimbo,” alisema. “Kwa nini hukuniuliza siku zote?”

Nilifurahi mno, hata sikuwaza juu ya swali lake. Lakini barabarani mambo yakarudi kuwa yaleyale, maana dereva hawezi kukutazama. Kaseti ikaimba, mimi nikakaa kimya. Tulipopita Igawa, kwa uchoyo tu wa kutaka aniangalie, nilinyoosha kidole taratibu nikapunguza sauti ya redio. Nilingoja anikemee. Hakusema kitu. Nikapunguza tena. Nikazungusha mpaka ikazima, tik, na ndani ya gari ukabaki muungurumo wa injini na mabomba yakigongana nyuma.

Baba aliendelea kupiga vidole kwenye usukani. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda na kwaya. Midomo ilikuwa inafuata maneno ya ubeti ambao haukuwapo. Alipoona ninamkodolea macho alitabasamu, akapandisha nyusi kuonyesha kwamba wimbo ni mtamu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani baba ana redio yake mwenyewe ndani ya kichwa. Niliirudisha sauti kabla ya Makambako, nikamwonea wivu.

Siku tatu baadaye tulikuwa tunateremka Kitonga na mzigo wa mabomba. Ni mteremko wa kona kali, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Nilisikia honi nyuma yetu. Haikuwa honi ya salamu. Ilikuwa haiachi. Baba alikuwa anakwenda polepole katikati ya njia yake, vidole vinapiga usukani. Niligeuka, na kwenye dirisha la nyuma nikaona uso wa lori umejaa kioo kizima, na dereva wake anapunga mkono nje kama mtu anayefukuza nyuki.

“Baba! Lori!”

Hakugeuka.

“Baba!”

Nikampiga ngumi ya paja kwa nguvu zangu zote. Akashtuka, akanitazama, akaona ninakoelekeza mkono, akatazama kioo cha pembeni. Alizungusha usukani kuelekea upande wa mwamba. Ubavu wa gari ulisuguana na mwamba na kupiga kelele, na lori likapita upande wa kulia kwetu kwa upana wa kiganja, breki zimekufa, honi bado inalia. Baadaye tulilikuta huko chini limejikita kwenye kifusi cha mchanga, dereva wake amekaa kando ya barabara, mzima, anakunywa maji.

Baba alizima injini. Ufunguo aliuacha palepale. Kaseti ilikuwa inaendelea kuimba kwa sauti kubwa kabisa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiigusa spika ya mlangoni kwa kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa joto.

“Lilipiga honi?” aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

“Muda mrefu?”

Niliitikia tena.

“Masikio yangu yamekwisha, Atu,” alisema. “Miaka ishirini ya malori yasiyo na ekzosi, na dawa za malaria. La kushoto lilikufa zamani. La kulia nilidhani bado linasikia kidogo.” Aliondoa kiganja kwenye spika. “Redio naishika kwa mkono. Ikitetemeka najua inaimba, mengine nakumbuka mwenyewe.”

Sikulia. Niseme ukweli, nilichosikia ni furaha. Kumbe alikuwa hanisikii! Kumbe ananipenda. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu, na baba akiwa amekaa pale na maisha yake yote yamevurugika, mwanawe alikuwa anatabasamu.

Kuanzia siku hiyo tulizima redio. Tulipanga lugha yetu: honi nyuma, namgusa goti mara moja; anayetaka kupita, mara mbili; king'ora, namfinya. Sauti mpya kwenye injini nilimwelezea tukisimama, naye alinifundisha majina yake: mkanda unapiga filimbi, mpira unagonga, beringi inalia. Mkono mmoja kwenye vijiti vya hita, mmoja kwenye goti la baba, hivyo ndivyo nilivyosafiri kati ya Uyole na Ruaha Mbuyuni kwa majuma mawili. Kama kuna siku katika maisha yangu ambazo ningependa nirudishiwe, ni zile. Kwenye vilima vya Ifunda jua la asubuhi liliingia upande wangu, miguu ina joto, na baba anasimulia mambo ya ujana wake bila kungoja niseme kitu. Sijawahi tena kuhitajiwa na mtu namna ile.

Halafu mzee Sanga akasafiri na sisi. Alikuwa anatoka kukagua visima, akakaa dirishani, mimi katikati. Tulipanda Kitonga na hita ikiwa imefunguliwa, akajifuta jasho na kumsifu baba kwa kulilinda gari. Baba alitazama mbele. Nikamgusa goti, akageuka, akaona mdomo wa bosi unacheka, akacheka naye. Mzee Sanga akauliza kuhusu matairi. Nikajibu mimi. Akauliza kuhusu mkwaruzo wa ubavuni. Nikajibu mimi. Lori likapiga honi nyuma, mkono wangu ukaenda gotini, baba akasogea kuliachia njia.

Mzee Sanga alikuwa ananitazama.

“Binti,” alisema, “mbona kila saa unamgusa baba yako?”

Ningeweza kusema mchezo tu. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nifiche, na nilikuwa na fahari isiyoenea kifuani.

“Namsikilizia,” nilisema.

Hakuuliza zaidi. Aligeukia dirisha mpaka tunafika Iringa. Baba alimshusha kwake, akamuaga vizuri. Tukaenda nyumbani. Alhamisi iliyofuata baba alirudi kutoka ofisini kwa miguu.

Alipewa kazi ya kutunza stoo, akaifanya mwaka mmoja, kisha akaacha, akaanza kuotesha miche ya miparachichi nyuma ya nyumba. Hakuendesha gari tena. Mama alirudi na bibi anayetembea na fimbo, nikarudi shule, na hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyejua. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimemuuza baba kwa neno moja. Kila nilipomwona amesimama getini anafuata kwa macho magari yanayopita barabara ya Dodoma, niliingia ndani. Taratibu niliacha kukaa naye. Nilijifanya nina masomo. Nilipomaliza chuo nikaomba kazi huku Mbeya, na kila mtu akadhani nimeyafuata maparachichi ya wajomba.

Simu za mkononi ndizo zilizoturudisha. Baba alipenda ujumbe wa simu kama watoto wanavyopenda peremende. Hata nilipokwenda nyumbani kumsalimia tulikaa kwenye benchi moja uani, bega kwa bega, tunaandikiana. Krismasi moja, mimi nikiwa tayari mama wa watoto wawili, nilimwandikia kitu nilichokuwa nimekibeba muda wote ule. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyemwambia mzee Sanga. Kwamba aliniuliza kwa nini namgusa baba, nikamjibu, na ndiyo maana baba akanyang'anywa gari. Nikabonyeza kutuma, nikatazama miche.

Simu yake ilitetemeka kiganjani. Alisoma taratibu, akivuta skrini mbali na macho. Kisha akaanza kuandika, kwa kidole kimoja, kwa muda mrefu sana.

“Nilikuona ukimjibu,” aliandika. “Nilisoma mdomo wako kwenye kioo cha juu cha kuangalia nyuma. Sanga hakuninyang'anya kitu. Hakuniambia neno. Mimi ndiye niliyekwenda kuweka ufunguo mezani.”

Nikaandika, “Kwa nini?”

“Siku ile kulikuwa na nyani wengi Kitonga, wamebeba watoto mgongoni. Safari ya kwanza ulikuwa unarukaruka kitini ukiwaona. Siku ile hukuwatazama. Ulikuwa unasikiliza tu. Nikaona nimekupa kazi ya mtu mzima.”

Nilijaribu kuandika, herufi zikawa hazikai. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa sitaki kuwatazama nyani, kwamba ningemsikilizia mpaka leo. Mwishowe niliandika tu, “Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa unakimbia kila nikikusogelea,” aliandika. “Nikadhani unaona aibu kuwa na baba kiziwi.”

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwangalia usoni, naye alikuwa analia bila sauti, na mimi nikalia nikiwa nimeinua uso, ili aone kila kitu. Mama alitoka jikoni na sinia la chakula. Alitukuta hivyo, watu wazima wawili, simu mikononi, machozi mpaka kidevuni. Alisimama mlangoni ameshtuka.

“Jamani, kuna nini? Nani amefariki?”

Baba alimsoma midomo. Alijipangusa kwa mkono wa shati, akajibu kwa ile sauti yake kubwa ambayo majirani wote wa Kihesa waliizoea.

“Hajafa mtu,” alisema. “Tunaongea na mwanangu.”